Picha Uliyoambiwa Ufute

Mwanangu Asekon,

Laptopu yako imekufa. Nakuambia hilo mapema kwa sababu najua ungeliuliza kwanza, kabla ya mbuzi na kabla ya goti langu. Vumbi la Lodwar liliziba feni, ikawa inakoroma kama mzee mwenye pumu, halafu asubuhi moja nikabonyeza kitufe na haikuitika. Fundi wa pale karibu na stendi aliifungua, akatoa vumbi la kujaza kikombe, akatikisa kichwa. Mama yako aliifunga kwenye shuka yako ya buluu akaiweka juu ya kabati, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa, hata mimi.

Sasa ni mchana, niko studio, na jua limewafukuza wateja wote. Nimeamua kuandika barua hii wazi, atakayeisoma aisome. Siku ya kukuzika nilisimama kama gogo. Watu walitoka Lokitaung na Kaaleng, wakanyoa vichwa pamoja nasi, wakalia, wakasimulia habari zako, na ilipofika zamu ya baba wa marehemu nikasema, "Asanteni kwa kuja," nikaketi. Kuna waliodhani nimejikaza. Sikujikaza. Sikuwa na neno hata moja kinywani.

Leo ninalo, nalo linahusu picha.

Unaijua sheria ya studio hii, maana uliikuta ukiwa bado unatambaa: picha ya mtu aliyefumba macho haitoki mlangoni. Nimeishika tangu enzi za filamu. Mteja akipepesa, tunarudia. Chifu akipepesa, tunarudia. Hata bibi harusi ambaye msafara wake ulikuwa ukipiga honi nje nilimrudisha kwenye kiti. Sasa Mungu naye, kwa utani wake, akanipa binti asiyeweza kucheka bila kufumba macho. Ulianza ukiwa mchanga mgongoni mwa mama yako: kicheko kikija, macho yanakwenda. Nikawa nakupiga picha huku nikikukaripia, "Fungua macho, Asekon," nawe unayafungua, na kicheko kinakwisha palepale. Ndiyo maana nina picha zako za ubatizo, za shule ya msingi, za kitambulisho, za siku uliyohitimu chuo kule Eldoret, na katika zote umekaa kama shahidi mahakamani. Ukicheka hakuna hata moja.

Isipokuwa ile moja. Na ile nilikuambia uifute.

Unakumbuka ilivyoanza. Kamera yetu ilikuwa imemeza kadi. Mchanga uliingia kwenye kitundu, springi ikakatika, kadi ikakwama ndani pamoja na picha zake, kioo cha nyuma cha kuzionea kilikuwa kimekufa zamani, na fundi akasema akiivuta ataivunja. Mimi nilikuwa tayari kuistaafisha. Wewe ukaja kutoka Kakuma, ulikokuwa ukifundisha kompyuta vijana wa kambini, ukaigeuzageuza mkononi kama daktari wa mifugo.

"Apa, hii kamera haijakufa," ukasema. Hukuwahi kuniita baba kwa lugha nyingine. "Tutaiongelesha na waya."

Ulinieleza kwamba kuna programu inayounganisha kamera na kompyuta, mtu akaiamuru kamera kutoka kwenye kibodi na kuchota picha zilizomo bila kuigusa kadi. Ukasema ni ya bure, imetengenezwa na watu wa nchi mbalimbali wanaojitolea tu, na msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Nikauliza watu hao wanakula nini.

"Wanakula kama sisi, Apa. Wacha maswali."

Ulipakua kwanza ile iliyo tayari, nayo ikasema haioni kamera yoyote. Kumbe mtu fulani mahali fulani alikuwa na kamera kama yetu, akaiona kasoro, akairekebisha kwenye msimbo, ila marekebisho yake yalikuwa hayajafika kwenye programu ya kupakua. Ikabidi tuuchukue msimbo wenyewe na kuukompaili hapahapa Lodwar.

"Kukompaili ndiyo nini?"

"Ile ingine ni chapati ya hoteli. Hii tunakanda unga sisi wenyewe."

"Na unga ukikataa?"

"Tutajua imekataa wapi. Hiyo ndiyo uzuri yake."

Na unga ulikataa kweli. Amri ya kwanza, ulisema, inakagua kama vyombo vyote viko jikoni kabla ya kupika. Ikawa inalalamika haina maktaba hii, na maktaba kumbe si nyumba ya vitabu, ni programu ndogo ambazo kubwa inaziegemea. Ukiipata hiyo, inalilia nyingine. Ulikuwa ukitoka nje na simu kutafuta mtandao, unarudi ukiwa na vumbi hadi kwenye kope, unajaribu tena, inakataa tena. Nilikuambia hata mama mkwe hana masharti hayo. Amri ya pili ndiyo ya kupika. Maandishi yakaanza kuteremka kwenye dirisha jeusi la skrini, laptopu ikapata moto, ikajizima. Basi nikatoa akili zangu za kizamani: nikalowesha gunia, nikalikamua, nikalitandika mezani, juu yake sahani ya bati, na laptopu juu ya sahani. Ulinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Ikapika mpaka mwisho. Baadaye nilisikia ukiwatambia wanafunzi wako Kakuma kwamba babako ana mtambo wake wa kupoza kompyuta.

Halafu ukafanya jambo lililonikasirisha. Kila kitu kilipokuwa tayari, ulikifuta, ukasema sasa nianze mwenyewe kutoka amri ya kwanza.

"Kwani wewe unaenda wapi?" nikakuuliza.

"Kakuma, Apa. Kwani pengine ni wapi?"

Najuta kuliuliza swali lile. Najua halina kosa lolote, lakini najuta.

Nilipomaliza kukompaili, kwa vidole hivi vizito, ulisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, ukaenda kusimama mbele ya pazia na karatasi nyeupe usoni, kama tunavyofanya siku zote ili kamera ijue nyeupe ni ipi. Mimi nikabaki kwenye kibodi. Ukasema bonyeza. Nikabonyeza. Kamera ikalia kule ilikokuwa, peke yake, bila mkono wa mtu, nami nikaruka kwenye kiti nikasema, "Ejok!"

Niliisalimia kamera, Asekon. Mzee mzima, mpiga picha wa miaka yote hii.

Karatasi ikakuponyoka. "Apa amesalimia kamera!" ulipiga kelele. "Apa, na haijaitika!" Ulicheka mpaka ukainama, ukainuka, ukacheka tena, na mimi kwa aibu nikabonyeza kitufe bila kukusudia, kamera ikapiga. Picha ikatokea kwenye skrini: mdomo wazi, meno yote nje, shanga za shingoni zimekwenda upande, macho yamefumba kabisa. Na mimi, mtu wa sheria, nikasema nini?

"Umefumba. Tunarudia."

Ukasimama wima. Ukafungua macho. Nikapiga nyingine, safi, mwanga mzuri, uso wa kitambulisho. Nikakuambia, "Ile uliyocheka futa, tusiijaze kadi." Ukasema, "Sawa, Apa," ukainama kwenye kibodi. Wakati huohuo mama mmoja akaingia na mapacha wake kutaka picha za shule, nikaenda kuwapanga, na nilipogeuka ulikuwa umeshaanza kufagia. Kesho yake ulipanda gari kurudi Kakuma.

Sikukupiga picha tena. Malaria ilikupanda kichwani ukiwa huko. Ulipoletwa Lodwar hukunijua, uliniita kwa jina la mjomba wako, nami nikaitika kwa jina hilo kwa sababu ulionekana kufurahi kumwona. Kabla wiki haijaisha tulikuwa tunanyoa nywele.

Zimeota tena. Mwili hauna adabu, haungoji mtu amalize kulia.

Nikwambie kilichonitesa zaidi. Siyo kaburi. Nilianza kuisahau sura ya kicheko chako. Sauti ninayo, naweza kuisikia hata saa hizi, lakini nikijaribu kuuona uso unaotoa sauti ile, unakuja uso wa kitambulisho. Mimi ambaye kazi yangu ni kutunza nyuso za watu zisipotee! Nimetunza nyuso za nusu ya mji huu. Uso wa mwanangu akicheka sikuutunza, kwa sababu macho yalikuwa yamefumba.

Nikaanza kujiambia labda hukuifuta. Laptopu ilikuwa inatuonyesha tu, picha zenyewe zilibaki kwenye ile kadi iliyokwama, kwa hiyo kama hukuifuta, basi imo. Lakini nilikulea mimi. Nyumbani ulikuwa mbishi, mama yako ni shahidi, ila ndani ya studio hukuwahi kunikaidi hata mara moja. Ulisema "Sawa, Apa." Asubuhi naamka nikijua imefutwa, jioni nalala nikijua haijafutwa. Kamera nikaifungia kwenye sanduku nikawa natumia ile ndogo. Nilipopata ujasiri wa kuitoa, laptopu yako ndiyo ikafa. Nikaipeleka kamera saiba, kule kwenye kompyuta za kukodi, nazo zote zikasema hazikitambui kifaa hiki. Ilikuwa lazima ipatikane programu yako, iliyopikwa vilevile ulivyonifundisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bahati, yule Mkongomani mliyefundisha naye, alikuja kutoka Kakuma kutupa pole mara ya pili, akanikuta na laptopu kuukuu ya sokoni ambayo sikujua niifanyie nini. Akaiwekea mfumo kama uliokuwa kwenye yako, pamoja na zile maktaba zake, akaniachia msimbo kwenye flashi. Alitaka kunikompailia palepale. Nikakataa. Nilimwambia kazi hii nimefundishwa.

"Sawa, Mzee," akasema. "Kama inakatala, unaniita ku simu."

Alipoondoka nilipiga moyo konde, nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri ya kwanza. Ikaanza kukagua vyombo, ikasimama. Ikasema kwamba faili iliyoundwa sasa hivi ni ya zamani kuliko mafaili yaliyokuja na msimbo, na kwamba niangalie saa ya mashine. Nikatazama pembeni mwa skrini. Laptopu ile betri yake ndogo ya saa imekufa, kwa hiyo kila ikizimwa inarudi kwenye mwaka ilipotengenezwa, na studio haina intaneti ya kuisahihisha. Mwaka ulioandikwa pale ulikuwa ule ambao wewe ulikuwa kidato cha pili.

Nilishika tama nikautazama. Mwaka huo ulirudi likizo ukiwa umerefuka, umevua viatu kwa sababu vilikubana, ukaingia getini umevishika mkononi. Kwenye mashine ile ulikuwa bwenini, una mtihani wa hesabu, unangoja nikutumie sabuni. Na yale mafaili ya Bahati yalikuwa yanatoka katika siku ambazo bado hazijafika. Nikampigia simu.

"Aah, Mzee, ni saa njo inasumbua," akasema. "Andika tu tarehe ya leo, itapita."

"Tarehe ya leo?"

"Ya leo, ndiyo." Kisha sauti yake ikashuka. Ninadhani alielewa. "Mpole mpole, Mzee. Haiko haraka."

Nikaizima. Ikapita miezi sikuandika amri yoyote. Asubuhi nilikuwa naiwasha, nautazama ule mwaka, naizima, naenda kufungua mlango wa wateja. Nilijua picha haitatoka mpaka niweke tarehe, na tarehe sikutaka kuiweka, basi. Mama yako alikuwa ananiona. Halafu juzi akaja studio na gunia limeshaloweshwa, limekamuliwa, limekunjwa, na sahani ya bati juu yake. Akaviweka mezani mbele yangu.

"Fanya kazi ya mtoto," akasema, akavuta kiti akakaa.

Niliandika tarehe ya leo. Ni amri fupi, haijazi hata mstari. Nikabonyeza, na mwaka ukaruka, ukapita kidato cha nne, ukapita chuo, ukapita Kakuma, ukaipita ile wiki, ukatua katika mwaka ambao wewe humo. Nimekula chumvi nyingi na nimewazika wazazi wangu wote wawili, lakini sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaambiwa nikuzike kwa mkono wangu kwenye kibodi. Nililia. Nililia kwa sauti, mchana, mlango wa studio ukiwa wazi, na mama yako hakunibembeleza, aliacha nilie.

Basi ikakubali. Amri ya kwanza ikapita bila neno. Ya pili ikaanza kupika, maandishi yakiteremka, mama yako akilirudishia gunia maji kila lilipokauka, akiniuliza kila mara kama ile nyekundu ni mbaya, nami namwambia ile ni onyo tu, si kosa, kama ulivyoniambia wewe. Ya tatu, ya kuiweka programu mahali pake, ikaomba nywila, nikaitia. Nikachomeka waya, nikaiwasha kamera, nikaiambia programu initajie picha zote zilizomo.

Ikazitaja. Kamera ile inazipa picha namba kwa kufuatana, na picha ikifutwa namba yake hairudi. Nikashuka na kidole mstari kwa mstari, namba zinafuatana, zinafuatana, mpaka karibu na mwisho namba moja ikarukwa. Pengo lilikuwa hilo tu kwenye orodha nzima. Ulikuwa umefuta picha moja, kama nilivyokuagiza.

"Iko?" mama yako akauliza.

"Haiko. Ameifuta."

"Una hakika?"

"Nilimwambia afute. Alikuwa mtoto mtiifu."

Sitakuficha, nilikukasirikia. Nilijikasirikia mimi kwanza, halafu nikakukasirikia wewe kwa kunisikiliza. Mama yako akasema tutoe hizo zilizobaki, tuione hata hiyo nyingine, ya macho wazi, maana nayo ni yako. Nikatoa amri. Zikaanza kuja moja moja kwa mwendo wa kinyonga. Wakaja watu ambao nilikuwa nimewasahau. Ikaja karatasi nyeupe, na mikono yako imeishika pande mbili. Kisha ikaja inayofuata, nayo ilikuwa wewe, mdomo wazi, meno yote nje, shanga zimekwenda upande, macho yamefumba.

Ulifuta ile nzuri.

Uliinama pale, hatua chache kutoka nilipokuwa nawapanga mapacha, ukaniambia "Sawa, Apa," ukaifuta ile safi, ile ya mwanga mzuri, ile niliyoitaka mimi, ukaiacha yako. Halafu ukachukua ufagio kama mtu asiye na habari. Mkaidi wewe! Kumbe hata ndani ya studio. Ningekukuta siku ile ningekugombeza mpaka Kakuma.

Mama yako aliinuka kitini. Aliisogelea skrini mpaka nikaogopa ataigonga na paji la uso.

"Huyu ndiye," akasema. "Wale wengine wote ukutani ni wateja wako."

Nilikuwa nadhani nikiipata nitapumua. Nakuambia ukweli kama ilivyo: sijapumua. Kabla yake nilikuwa namlilia msichana wa kitambulisho, na huyo unaweza kumzoea, amekaa kimya. Huyu anacheka. Sasa najua vizuri tulichopoteza, na uchungu umekuwa mpya kama wa siku ya kwanza. Lakini nisingekubali kurudishiwa ule wa zamani.

Nimeichapisha kubwa. Sikuongeza mwanga, sikunyoosha shanga. Nimeitoa ile ya mahafali ukutani nikakuweka wewe hapo, mbele kabisa, mahali mteja anapoingia tu anakuona. Wanauliza. Watu wa hapa hawana aibu ya kuuliza. Wananiambia mzee, hii yako mbona imefumba macho, si wewe unaturudishaga sisi? Nawaambia huyo ni binti yangu, na picha hiyo haina kasoro. Baadhi yao walikujua, na hao hawaulizi, wanasimama tu.

Basi lala, Asekon. Huko uliko cheka unavyotaka, fumba macho unavyotaka. Sitakuambia urudie.

Mimi baba yako,
Apa